Muhtasari Ulioandika Kimya

Asubuhi moja ya ukarani wangu bado naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso huniwaka moto.

Nilikuwa karani mdogo katika ofisi ya serikali karibu na Awasi. Nilijivunia ufupi wa mihtasari yangu: mkutano wa kutwa nzima niliumaliza kwa ukurasa mmoja. Mara hiyo nilikuwa nimeandika kuhusu mpango wa kufunga njia ya miguu iliyoelekea mtoni, na mstari wa mwisho ulisema, “Wakazi wote walikubali.”

Karani mkuu, Mzee Okelo, alivua miwani.

“Uliwasikia wote wakikubali?”

“Hakuna aliyepinga, Mzee.”

“Nakuuliza ulichosikia, wewe unaniambia usichosikia. Na yule mama niliyemwona akibeba mtungi wake na kuondoka mwenyekiti akiwa bado anasema?”

“Huyo aliondoka tu, Mzee.”

“Aliondoka tu! Kijana, hata mbuzi haondoki tu.”

Kwa bahati mbaya nakala ilikuwa imekwisha kutumwa. Njia ikafungwa. Miaka yote niliyobaki pale nilimwona mama yule akizunguka kwa barabara kuu, mtungi kichwani, na kila mara alinisalimu vizuri. Salamu zake ziliniuma kuliko tusi.

Sasa nimestaafu, naishi Kisumu na mjukuu wangu Achieng, katibu wa kikundi cha wakaanga samaki wa ufuoni. Majuzi kikundi kilikutana mtandaoni kujadili mpango wa kuhamisha vibanda vyao mbali na maji. Video ya mkutano ilikuwa na urefu wa saa tatu. Mpango wenyewe ulikuwa waraka mnene wa Kiingereza kigumu. Achieng akaipa akili unde vyote viwili, akaiomba muhtasari kwa Kiswahili.

Niseme kweli, nilikasirika. Kazi iliyonipinda mgongo, mashine iifanye kabla chai haijapoa? Nikachukua kalamu nyekundu nikaketi kutafuta makosa. Nilisoma waraka wote, nikatazama video yote, nikalinganisha. Sikupata la kusahihisha. Kila jambo lilionyeshwa ukurasa wake au dakika yake. Na ilipofika kwenye uamuzi, mashine iliandika hivi: “Mama Roselyn, ambaye kibanda chake kitaondolewa kwanza, aliulizwa maoni yake mara mbili. Hakujibu. Mwenyekiti aliendelea.”

Nilivua kofia, mwanangu. Kitu kisicho na mama wala jirani kilikuwa kimeandika kimya kuwa kimya, bila kukiongezea neno. Mimi, niliyefunzwa kazi hiyo, nilishindwa.

Lakini Achieng, akiharakisha barua ya kwenda ofisi ya soko, alikuwa tayari ameandika, “Wanachama wote wamekubali.”

“Futa,” nikamwambia.

“Si alinyamaza, Babu?”

“Mwenyekiti ni nani kwake?”

Achieng akaweka simu chini. Mwenyekiti ameoa binti wa Mama Roselyn, na kwetu mama mkwe habishani na mkwewe hadharani. Hilo mashine haikulijua. Achieng alilijua tangu utotoni.

“Mpigie,” nikasema.

Mama Roselyn alijibu kwa sauti ya chini. “Nyathina, mwanangu, nimpinge mume wa binti yangu watu wote wakinitazama kwa simu? Sitaki kuhama. Wateja wangu wanashuka mashuani na njaa yao. Huko juu watanifuata na nini?”

Barua ile ingetoka ilivyokuwa, kibanda kingevunjwa, na karatasi ingesema mwenyewe aliridhia. Ilikwenda ikiwa na pingamizi lake, na ofisi imemwacha alipo hadi asikilizwe faraghani.

Basi nasaha yangu ni hii. Tumia chombo hicho bila haya yoyote. Natamani ningekuwa nacho ujanani. Husoma bila kusinzia, na hakimwogopi mwenyekiti. Ila kikikuambia kwamba fulani hakujibu, usimjibie wewe. Fungua dakika uliyoonyeshwa, utazame uso wake, kisha umwendee umuulize. Umeokoa saa tatu. Mpe aliyenyamaza dakika kumi kati ya hizo.

Mungu akujalie macho yasiyochoka kusoma na miguu isiyochoka kumwendea mtu. Na siku utakapokuwa wewe ndiye usiyeweza kusema, akuletee karani atakayerudi kukuuliza.