Usingizi wa Jumatano

Feni ya dari ikianza kulia ile nga-nga yake, wenzangu hubembelezeka. Mie hukurupuka. Juzi nilikuwa nimekaa nje ya chumba cha daktari, feni inazunguka juu ya vichwa vyetu, wagonjwa wote wanasinzia, nami nahama benchi hili nakwenda lile, nageuka huku nageuka kule, mpaka binti mmoja akaniuliza, bibi, unaumwa wapi? Nikamwambia siumwi popote, nimekumbuka sinema tu. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, maskini, akanisogezea chupa yake ya maji.

Haya, sogeeni niwaambieni nyie, labda nanyi mtanisogezea maji.

Nimekulia Chumbageni, Tanga, na miaka ninayoisema ni ile ya hamsini, Mwingereza bado yupo na mkonge ndio mambo yote. Baba yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, akija nyumbani mara moja moja. Nyumba ilikuwa ya babu, na siku zote ndani tulikuwa sisi wanne: babu, bibi mzaa baba, mama yangu na mie. Babu alikuwa amepooza upande mmoja na kauli imemtoka. Alibakiwa na mkono mmoja na fimbo ya mpera, na fimbo hiyo ndiyo iliyokuwa ulimi wake. Akitaka maji, ko ko ko kwenye ubao wa kitanda. Akitaka kugeuzwa, ko ko ko. Nzi kamtua puani, ko ko ko. Aliyeitika alikuwa mama, kwa kuwa bibi miguu yake ilikuwa imevimba, na kwa kuwa mkaza mwana wa nyumba ndiye yeye.

Sasa, Tanga ile ilikuwa na sheria yake. Ukishasali adhuhuri ukala, unalala. Maduka yanafungwa, barazani hapakai mtu, hata kuku hujichimbia vumbini wakafumba macho. Mie kulala mchana nilikuwa siwezi. Bibi alinilaza mkekani ubavuni pake, akanitupia mkono kifuani, mkono mzito kama gunia, akaniambia mtoto anayekaa macho saa hizo hupitiwa na shetani wa mchana. Nilikuwa nakodolea boriti, nyayo zinaniwasha, namngoja huyo shetani kwa hamu, alau tucheze. Mama hakulala. Nilimsikia uani anasugua masufuria kwa jivu, taratibu, asituamshe.

Jumatano kulala huko ndiko kulikuwa adhabu yangu kubwa, kungoja saa ya kutoka, maana Jumatano alasiri ilikuwa zamu ya wanawake sinema. Mwanamume alikuwa hakanyagi. Wanawake wa mji mzima walikwenda kwa mabuibui yao, wakifika ndani wanayateremsha mabegani, asumini na udi vinakupiga usoni, watoto kwenye mapaja, njugu na machungwa vinapitishwa toka kiti hadi kiti. Picha zilikuwa za Kihindi. Kihindi chenyewe hatukijui, lakini mahali pa kulia tulipajua, na tulilia sote kwa wakati mmoja.

Bibi alikuwa hajapata kwenda. Kwake yeye kutazama masanamu yanayotembea ni haramu, hakuna mjadala. Ila kusikiliza hadithi yake hakukuwa haramu, hilo alikuwa ameshalipima mwenyewe akaridhika. Kwa hiyo alimruhusu mama aende nami, yeye akabaki kumwangalia babu, kwa sharti kwamba jioni, baada ya magharibi, mama amkalie na kumsimulia picha nzima. Na bibi hakuwa msikilizaji wa kudanganywa ovyo. Alitaka kujua mama mkwe kavaa nini, na yule farasi baadaye kapewa nani.

Tatizo langu, na ndilo lililonifanya nisitulie hata kwenye picha nzuri, ni kwamba mama akifika sinema alilala. Simaanishi alisinzia. Taa zikizimwa tu, alishusha pumzi, akanishika kifundo cha mkono, akaenda zake. Mwizi anaingia dirishani, mie nimesimama juu ya kiti, namtikisa, "Mama, mwizi!" Naye, macho yamefumba, ananijibu kwamba kamwona. Nyimbo zinaimbwa, wanawake wanapiga vigelegele, mama yuko mbali. Roho ilikuwa inaniuma. Niliona wenzangu wana mama wa kulia nao, mie nina gogo.

Picha ikiisha nilimwamsha, tukaanza safari ya kurudi, na njiani nilimweleza kila kitu mbio mbio, nikirukaruka mbele yake. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza hili na lile, na jioni akikuna nazi alimpa bibi hadithi iliyonona kuliko picha yenyewe. Aliwahi kuniambia mara moja, bila ukali, kwamba bibi akijua, Jumatano zetu zimekwisha. Nikiwa sinema nilitazama picha kwa jicho moja na jicho la pili naangalia nani anamwangalia mama.

Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema. Jumatano moja picha ilikatika katikati, taa zikawashwa ghafla, na mama yuko pale, kichwa kimelala nyuma, kinywa wazi, anakoroma sauti ya kusikika. Nyuma yetu alikaa Bi Mwanahawa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwema kwa kila kitu ila kinywa chake hakikuwa na kifuniko. Akauliza kwa sauti kama mwenzao kaja kutazama au kaja kulala. Sinema nzima ikacheka. Mama hakuamka. Nilitamani sakafu inimeze, nikamfunika uso kwa ukaya wake kama maiti, wakazidi kucheka.

Alipoamka nikamwambia. Aliniuliza jambo moja tu, kama Bi Mwanahawa kaona. Nikasema kaona. Basi tukatoka mbio. Mama alikuwa hatembei, anaruka madimbwi, buibui limemvimba kwa upepo, nami namfuata nikikwaa. Tukadhani tumemwacha nyuma. Kumbe mwenzetu kakatiza vichochoro, na tulipoingia nyumbani tukamkuta ameshakaa na bibi, anajipepea. Tukaamkia. Bi Mwanahawa akaaga upesi, akasema ameacha chungu jikoni.

Bibi alingoja mpaka tuliposali magharibi. Mama akakaa kwenye mbuzi ya nazi kama kawaida yake, akafungua kinywa aanze hadithi. Bibi akamkatiza.

"Mwanangu, sinema unakwenda kufanya nini?"

Mama akaacha kukuna. "Nakwenda kulala, Mama."

"Kulala. Hapa kitanda huna?"

"Ninacho. Ila kule hakuna anayeniita."

Na hapo hapo, wallahi kama aliyekuwa anasikiliza, babu akagonga ubao. Ko ko ko. Mama akainuka, akapangusa mikono kwenye kanga, akaenda.

Bibi aliumia. Hilo niliweza kuliona hata kwa utoto wangu, maana alijikunyata akaanza kuvuta tasbihi bila kusoma chochote. Mji mzima utasema mkaza mwana wake anakimbia nyumba kwenda kutafuta usingizi kwa Wahindi. Mama aliporudi akapewa hukumu. Sinema basi. Kuanzia wiki hiyo, kila Jumatano baada ya adhuhuri, mama atalala nyumbani, kitandani pake, na bibi mwenyewe ndiye atakayekaa na babu. Aliisema kwa upole, kama anayetoa zawadi. Mama akasema ahsante. Mie nililia mpaka nikatapika, na kilio changu hakikuwa cha mama. Nililia picha zangu.

Jumatano ilipofika bibi alifanya mambo ambayo sijapata kuona. Alifunga madirisha ya chumba cha mama. Aliwafukuza kuku uani. Alikwenda kwa Bi Mwanahawa kumwomba asitwange. Fimbo ya babu akaizungusha kitambaa, akaifunga kwa uzi, kisha akakaa kando ya kitanda akiishika yeye mwenyewe, ili babu akitaka neno amguse tu. Mie nikaambiwa nilale na mama, nisitikisike.

Nyumba ikawa kimya kabisa. Nikatulia kadiri ya uwezo wangu, nao haukuwa mkubwa. Nilipogeuka nikamwona mama amelala chali, mikono ubavuni, macho wazi. Anatazama boriti zile zile ninazozitazama mie siku zote. Mlango ulikwaruza, akanyanyua kichwa. Upepo ukasukuma bati, akanyanyua kichwa. Palipokuwa hakuna sauti yoyote ndipo alipokuwa mbaya zaidi, shingo imemkakamaa, anasikiliza mpaka mishipa imetoka. Nikaanza kuogopa, wala sikujua naogopa nini.

Mlango ukafunguka polepole, bibi akachungulia. Wakatazamana.

"Hujalala."

"Sijalala, Mama."

"Fimbo ninayo mie."

"Naijua. Masikio ndiyo hayajui."

Bibi alisimama pale mlangoni, fimbo yenye kitambaa mkononi, miguu yake imevimba. Nilidhani amekasirika. Halafu akaingia, akalitungua buibui msumarini, akaliweka juu ya miguu ya mama.

"Vaa," akasema. "Nenda kalale sinema. Hadithi nitaletewa na huyu."

Huyu ndiyo mie. Niliruka kitandani nikatafuta viatu, kimoja nikakiona, kingine sikukiona, nikaenda vivyo hivyo na kimoja. Tulifika picha imeshaanza, na mama alilala kabla hatujakaa vizuri. Jioni nilimsimulia bibi kwa mikono na miguu, na alipouliza farasi kapewa nani nikamjibu bila kusita. Jumatano zikaendelea hivyo mpaka babu alipofariki.

Bibi alikaa eda yake. Ilipokwisha, Jumatano ya kwanza, tukamkuta ukumbini amevaa buibui, amejitia hina, amekaa anatungoja. Akasema tumpeleke naye akaone hicho tunachokilalia. Mama alitaka kumkumbusha habari ya haramu, bibi akamwambia Mungu anaijua nia. Tukaenda, yeye akiburuta miguu, nami nikimhimiza, nahofia tutachelewa. Ndani wakaniweka katikati, mama kulia, bibi kushoto. Nilikuwa nimejaa maneno. Nilitaka kumwonyesha kila kitu, mwanamfalme atatokea wapi, wapi pa kulia. Taa zikazimwa, feni zikaanza kuvuma, mwanamfalme bado hajatokea, nageuka kumwambia bibi ajiandae, bibi amelala. Nageuka kwa mama, mama amelala. Huyu kichwa begani kwangu, na yule kichwa begani kwangu.

Nilikasirika. Nilitapatapa kwenye kiti kile picha nzima, hakuna wa kumtikisa, hakuna hata wa kumsimulia jioni, maana wote walikuwepo.

Baadaye nilikuja kumwuguza mume wangu kwa miaka, nami mwenyewe nikilala na masikio wazi, ndipo siku moja mjukuu wangu alikaa kando ya kitanda cha mgonjwa akichezacheza, hatulii, anaimba, anapiga miguu ukutani, nami kwenye kiti changu usingizi ukanichukua mzima mzima. Nilipozinduka nililia. Utoto wangu wote nilidhani wanawake wale wawili walikuwa wakinipeleka sinema nikatazame picha. Walinipeleka nikae macho, ili nao wapate kulala.