Nilisema Mgonjwa Ni Mimi

Admin, ficha jina na ukoo wangu, maana huku Garissa tunajuana sote. Nina miaka themanini, macho yameisha, anayeniandikia ni mke wa mjukuu wangu. Msinicheke, kizee kuwaletea mambo ya chumbani.

Niliolewa wakati wa vita vya shifta, nikiwa na miaka ishirini. Tulikuwa tumekusanywa katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge, kutoka ni kwa ruhusa. Mume wangu alikuwa mchungaji wa ngamia. Miezi miwili kabla ya harusi askari walimkamata malishoni, wakakaa naye wiki nzima. Alirudi anachechemea, ngamia hana hata mmoja, na akisikia viatu vya askari anatetemeka. Kwetu maharusi hukaa siku saba ndani ya aqal, kile kibanda cha mikeka, na wanawake huko nje wanasubiri habari. Siku saba zikaisha. Mwili wake ulikataa. Mimi nami nilikuwa nimetahiriwa na kushonwa tangu utotoni, naogopa hata kuguswa, kwa hiyo siku za kwanza nilishukuru Mungu kimyakimya.

Siku ya nane mama mkwe akaniita. Mama yangu mzazi alikuwa ameshanieleza kwamba mwanamume asiyeweza hupewa mwaka mmoja na kadhi, ukiisha mke anaachiliwa akaolewe kwingine. Lakini nilimwona mume wangu amekaa pale nje ameshika fimbo, hana cha kuchunga. Nikamhurumia. Nikamwambia mama mkwe, "Hooyo, mama yangu, mgonjwa ni mimi. Yeye hana shida."

Mume wangu alisikia. Mpaka leo hajakanusha. Hakupona, na wakati ule nani angejua kwamba kipigo na hofu vinaweza kumfanya mtu hivyo? Tulisema ni jini. Mimi nikaitwa tasa, yeye akasifiwa kwa subira kwa sababu alikataa kuoa mke wa pili. Watu wangejua sababu! Tulilea mtoto wa marehemu kaka yake. Alinitunza, sikatai, lakini nililia sana.

Sasa mtoto wa yule tuliyemlea ameoa, mwaka wa pili huu. Ana ugonjwa wa sukari. Mkewe alinijia akilia, akaniambia bado ni msichana vile vile alivyoletwa. Nimemsikia daktari redioni akisema sukari huleta hayo na yana matibabu. Kijana hataki hata kusikia hospitali.

Jumapili familia ilikaa kuuliza kwa nini hawajapata mtoto. Mzee wangu, ambaye hata kuinuka kitandani hawezi, akasema mbele ya wote, "Hata mimi nilioa mwanamke kama huyu. Nikavumilia." Wote wakanitazama kwa huruma. Mke wa kijana akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli. Mgonjwa ni mimi."

Ijumaa wanakutana tena, na kuna wanaotaka apewe talaka arudishwe kwao Wajir na jina hilo la mgonjwa. Nikisema ukweli, namvua nguo mume wangu akiwa anakaribia kaburi. Nikinyamaza, mtoto wa watu atabeba nilichobeba mimi.

Hapa anayeniandikia ameacha kuandika. Ananiambia, "Ayeeyo, bibi yangu, usiseme kitu. Mimi nitavumilia tu."

Nimemwambia aandike hayo pia. Ndugu zangu, Ijumaa inakuja. Nifanye nini?