Salwa na Gari Lenye Jiko

Gari lilipoegeshwa Ipagala, watu walilizunguka: kubwa kama basi, na ndani mna kitanda, jiko na choo. Mwenye gari, mtalii, alikuwa amevunjika mkono, akatafuta dereva wa kumfikisha Mpwapwa. Makame, dalali wa magari, akamwita Salwa binti Abdulrazaki, dereva wa teksi wa kijiwe cha hapo.

"Dada, riziki hiyo. Washa uende."

Salwa akasoma uzito ulioandikwa mlangoni. "Leseni yangu ni ya magari madogo. Hili linataka daraja la magari makubwa."

"Lina jiko! Nani amewahi kudaiwa leseni ya nyumba?"

"Nyumba haina breki za upepo, kaka."

Kijiwe kizima kilicheka, na kazi akapewa mwingine. Lakini marehemu baba yake aliendesha lori miaka thelathini bila kosa hata moja, na Salwa hakuwa tayari kulichafua jina hilo kwa safari ya siku moja. Wiki ileile akajiandikisha chuo cha udereva.

Alipofaulu, Makame alimfuata kijiweni, safari hii kwa adabu. "Gari lenye jiko likija tena, dada?"

"Nitaendesha mimi. Wewe utakaa nyuma, utupikie chai."