Mtengenezaji Alikuwa Hai

Mwenye duka la shanga pale sokoni Babati hana kawaida ya kunipigia simu asubuhi, kwa hiyo nilipoona namba yake nilijua kuna jambo. Hakuzunguka. "Mwandishi, Mama wa ngozi ametutoka," alisema. "Maziko ni Jumamosi, kwake Singe. Padri ameshaarifiwa." Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba mimi si mwepesi wa machozi, na siku ile sikulia. Nilikasirika. Tumeshamzika, watu wametawanyika, mahema ya msiba yamerudishwa kwa wenyewe, na hasira yangu bado ipo palepale. Leo naomba mnivumilie niitoe.

Nilimfahamu Mama huyo wakati mkoa wetu wa Manyara ulipokuwa bado mchanga. Babati ilikuwa inabadilika kila wiki: kuta zinapakwa rangi, vibao vya idara vinapigiliwa misumari, watumishi waliohamishiwa wanahangaika kutafuta vyumba vya kupanga. Gazeti lilikuwa limenituma niandike habari za makao makuu mapya. Niliingia katika duka lile kununua betri za kinasa sauti changu, nikamkuta mama mrefu, mzaliwa wa nyanda za juu za Mbulu aliyeolewa Singe, amemwaga shanga za bluu kwenye kaunta na anazikataa moja baada ya nyingine. "Hii ni bluu ya sare za shule," alisema. "Mimi nataka bluu ya ziwa likiwa limetulia." Mwenye duka, ambaye babu yake alitoka pwani na biashara yake, akamwambia, "Mama, shanga ni shanga." Yule mama akamtazama kwa huruma. "Ndiyo maana wewe unauza na mimi nashona." Tulicheka wote watatu. Kuanzia siku hiyo, kila shehena mpya ilipofika, mwenye duka alimwekea kando shanga zote za bluu azichambue kwanza yeye.

Bibi zake walishona mavazi ya ngozi ya mbuzi yaliyojaa shanga, kwa ajili ya wasichana waliokuwa wakifundwa. Ushonaji ule aliufundishwa na mama yake, lakini hakutaka kuurudia kama ulivyokuwa. Alishona alichokiona kwa macho yake. Nilipomtembelea mara ya kwanza alikuwa katikati ya kazi yake kubwa kuliko zote: ngozi nne zilizounganishwa, zimefunika ukuta mzima wa sebule. Babati yote ilikuwamo. Kulikuwa na viboko ziwani, wanawake wa Sigino na magunia ya mahindi, karani anapiga chapa katika ofisi ambayo haijaezekwa. Katikati ulisimama mnara wa simu, mwekundu na mweupe, umeupita hata Mlima Kwaraa. Nikamuuliza, mbona mnara umeuzidi mlima? Akajibu bila kuinua macho kwenye sindano, "Siku hizi watu wanatafuta mnara uko wapi. Mlima nani anautazama?" Mtu anayeweza kusema jambo hilo kwa uzi na shanga ni msanii wa zama zake, wala hahitaji cheti cha kumthibitisha.

Watu wa jumba moja la sanaa la mjini walisikia habari zake, wakaja na gari hadi Singe. Waliisifu ile ngozi, wakaomba kuipeleka kwenye maonyesho, naye akakubali. Nilikuwepo. Aliwauliza swali moja tu: "Jina langu mtaliandika?" Wakasema, "Bila shaka, Mama." Akawatajia majina yake matatu, polepole, na kijana wao mmoja akaandika kwenye daftari. Mimi nilipiga picha, nikarudi kwenye chumba changu cha kupanga nikaandika makala, ikatoka nusu ukurasa. Niliona fahari sana. Nilimpelekea nakala, akaisoma yote, akaikunja vizuri, akasema "Asante, mwanangu." Sikujiuliza kwa nini hakusema zaidi ya hapo.

Miaka ikapita. Jumba lile la sanaa likafungwa, na vitu vyake vikagawanywa huku na huku. Siku moja mwalimu mmoja wa Singe aliyekuwa amepeleka wanafunzi mjini akamwambia kwamba ameiona ile ngozi kwenye makumbusho, ndani ya kabati la kioo. Mama akanijia na mkoba wake begani. "Twende," alisema. "Nataka nione wameiweka vipi." Tukapanda basi la kwanza, yeye amevaa kitenge kipya na kilemba, kama mtu anayekwenda harusini kwa mwanawe.

Tuliikuta. Alisimama mbele yake muda mrefu akitabasamu, akihesabu viboko wake. Halafu akainama kusoma kibao kilichokuwa chini ya kioo. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, jinsi wasomavyo watu wa rika lake: "Vazi la jadi la wanawake. Mkoa wa Manyara. Mtengenezaji hajulikani." Akarudia neno la mwisho. Wakati huohuo kundi la wanafunzi likafika, na mwongoza wageni akaanza kuwaeleza kwamba mavazi ya aina hii yalishonwa na bibi zetu wa zamani, ambao ujuzi wao umepotea. Mama akageuka. "Wanangu," aliwaambia wale watoto, "mimi sijafa. Na hilo si vazi. Nani kati yenu amewahi kumwona bibi wa zamani akishona mnara wa simu?" Watoto wakacheka. Mwongoza wageni hakucheka, akatuomba tumfuate ofisini.

Ofisini tulimkuta mhifadhi, mtu mpole, mwenye shahada ukutani. Alimwamkia Mama, "Shikamoo," Mama akaitikia marahaba, akaketi. Akaeleza yote. Mhifadhi akasikiliza, kisha akasema, "Mama, sisi tunafanya kazi kwa nyaraka. Una uthibitisho gani?" Akajibiwa, "Fungua kioo, igeuze. Kwa ndani, kwenye kona ya chini, nimeshona majina yangu yote matatu." Mhifadhi akasema kioo hakifunguliwi bila kibali cha kamati. Kisha akavuta jalada. "Isitoshe, tuna chanzo cha kuaminika," alisema, akatoa kipande cha gazeti kilichoanza kuwa cha njano. "Someni wenyewe. Gazeti lilishaandika kwamba hii ni kazi ya akina mama wa jadi wa Manyara."

Ilikuwa makala yangu. Nusu ukurasa wangu wa fahari. Nilikuwa nimelitaja jina la jumba la sanaa, jina la mgeni rasmi aliyefungua maonyesho, hadi aina ya gari walilokuja nalo Singe. Yeye nilimwandika "akina mama". Mtu mmoja, aliyenikaribisha kwake na kunipa uji, nilimgeuza kundi, kwa sababu niliona inapendeza zaidi hivyo. Nilimwambia mhifadhi kwamba makala ile ni yangu na nilikosea. Akanitazama kwa upole uleule. "Basi andika barua," alisema, "tutaiambatanisha."

Kwenye basi la kurudi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema, "Mwanangu, usije ukaliandika jina langu gazetini sasa kwa kuniomba radhi. Waliandike kwanza wao, pale wanapopita watoto. Baada ya hapo uandike unavyotaka." Ndiyo sababu leo hamlioni hapa. Si usahaulifu tena. Ni amri yake, na ninaitii huku inaniuma.

Barua nimeandika nyingi. Jibu lilikuwa lilelile: suala lako linashughulikiwa. Mara moja tu walijibu kitu kipya. Walimwalika aje siku ya wageni, avae ngozi, aketi sakafuni kwenye mkeka awaonyeshe watu "namna bibi zetu walivyoshona". Alinipa barua niisome mara mbili ili ahakikishe hakuisoma vibaya. Akasema, "Wanataka mikono yangu tu. Waambie mikono haiji bila mwenyewe." Hakwenda. Aliendelea kushona Singe, na macho yalipoanza kufifia aliendelea kwa kupapasa, mpaka maradhi yalipomlaza.

Nawauliza wakubwa wa majumba haya: ni kitu gani hasa mnachokihifadhi? Mchoraji wa mjini aliyesomea nje ana jina, ana picha, ana hotuba ya ufunguzi na mahali pa kusimama akipigiwa makofi. Mama wa Singe anayefikiri kwa shanga ana "jadi", na jadi haina mwenyewe, haiulizi swali, haipandi basi kuja kudai. Mnampenda msanii wa kijijini akiwa amekufa zamani. Akitokea yu hai na kilemba chake, akisoma kibao chenu kwa sauti, anakuwa usumbufu unaohitaji kibali cha kamati. Na sisi wa magazeti ndio tunaowapa karatasi ya kujifichia.

Mnadhani nimemaliza. Siku ya nne baada ya maziko nilikuwa nyumbani kwake, nimekaa na binti yake tukipokea wageni wa mwishomwisho, simu ya binti ikaita. Akaiweka kwenye spika. Walikuwa watu wa makumbusho. Wakatoa pole, wakasema wamepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za kifo cha msanii mashuhuri, na wanaomba picha yake ndogo na historia fupi, wanaandaa kumbukumbu. Kisha mpigaji akamtaja marehemu. Alimtaja majina yote matatu, kwa mpangilio wake, bila kukosea hata silabi moja. Binti akauliza taratibu, "Kumbe jina la mama yangu mnalo?" Yule akajibu kwa kujiamini, "Ndiyo, dada, lipo kwenye jalada tangu mwanzo." Binti akakata simu, akaenda jikoni. Sikumfuata.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kibao kile, ninapoandika haya, bado kinasema hajulikani. Nitaendelea na barua zangu. Lakini kwa vijana wanaoingia katika kazi hii ya uandishi, na kwa wote wanaotumwa vijijini na magari kukusanya vitu vya watu, nina neno moja, nalo nimelinunua kwa aibu yangu mwenyewe. Kabla hujasifu kazi ya mikono ya mtu, muulize anaitwa nani. Mwache alitaje jina lake mwenyewe, liandike mbele ya macho yake, umsomee, na usiondoke mpaka aseme ndiyo, ndilo hilo.