Kahawa Niliyomnywesha Shangazi

Siku ile hainitoki, mwanangu, na wewe ndiye uliyenikumbusha, uliponiuliza kwa nini jaji wa mahakama kuu ajitoe kwenye kesi ya uchaguzi ati kwa sababu mgombea mmoja ni jamaa yake. "Si ana akili zake, bibi?" Ah! Hata mie nlikuwa na akili zangu, tena mbichi kutoka chuoni, nnazionyesha kwa kila mtu.

Hapa Maskati, kinamama tuliotoka Unguja tulikuwa na chama chetu cha kusaidiana harusini na misibani. Mwaka huo tukachagua mwenyekiti. Shangazi yangu, Bi Zuwena, akampita Bi Salma kwa kura tatu. Lakini wenzetu wanane wa Qurayyat walizuiwa njiani na wadi, ule mto mkavu wa bondeni, uliojaa maji ya mvua, wakafika sanduku limeshafungwa. Bi Salma akalalamika. Chama kikaweka waamuzi watatu, na mmoja wao nlikuwa mimi, kwa kuwa nimesoma sheria.

Siku moja kabla ya kusikiliza shauri, shangazi akaja nyumbani. Nikammiminia kahawa. Akakipokea kikombe, akakiweka chini, hakukigusa. Huku mgeni mwenye haja yake hufanya hivyo: hanywi mpaka mwenyeji amkubalie anachokitaka. Nami nlijua anachokitaka, nimwamulie yeye! Lakini ni shangazi, kanilea, kanisuka nywele. Haya ikanishika, nikasema, "Kunywa, shangazi." Akanywa vikombe vitatu, akaondoka anatabasamu.

Mama alikuwa jikoni, kasikia yote. Akatoka na upawa mkononi.

"Umeshahukumu wewe! Kesho unakwenda kusikiliza nini?"

"Lakini mama, labda shangazi ana haki."

"Labda anayo. Na Bi Salma atajuaje?"

Niliona aibu.

Kesho yake, ukumbini Matrah, nikasimama mbele ya wote. "Mimi nimeshamwambia mmoja wao anywe kahawa," nikasema. "Siwezi kuamua." We! Ukumbi mzima ulicheka, na shangazi akanikata jicho ambalo nnalihisi mpaka leo. Nafasi yangu akapewa bibi mmoja wa Qantab, hana udugu na yeyote. Wakaamua kura zirudiwe, na wa Qurayyat wawepo.

Basi shangazi akashinda tena, tena kwa kura nyingi zaidi! Na wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa Bi Salma. Nikamfuata, nikamuuliza kama hakuumia.

"Nimeumia, mwanangu. Lakini nimeshindwa na watu, sikushindwa na kikombe. Leo ntalala."

Nlilia pale pale, huku nnacheka.

Kwa hiyo ukija kukalia kiti cha kuamua, kiwe cha chama au cha mahakama kuu ya nchi nzima, usijiulize tu kama moyo wako umenyooka. Jiulize kama yule atakayeshindwa ataweza kukuamini. Mtu wako akiwamo ndani ya shauri, sema mapema, mbele ya watu, kisha inuka uwapishe wengine. Atakununia, naam. Shangazi alininunia mwezi mzima, halafu akachoka mwenyewe. Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kusema kweli mbele ya unaowapenda, na akujaalie hata yule uliyemnyima akuombee dua akirudi kwake.