Duka Lililopotea Lambwe

Mashine ile ya kutafutia vyuma ardhini niliinunua machimboni Osiri, kwa mchimbaji aliyekuwa ameichoka. Alisema inalia kila mahali isipokuwa penye dhahabu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Migori na mashine mbovu hainitishi. Nilibadilisha nyaya zilizooza, nikaiwasha nyuma ya karakana yangu, ikalia mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza ni mtoto wa nani.

Rafiki yangu ana duka la vifaa vya ujenzi mkabala na karakana. Watu wa kwao ni Waislamu, walitoka Pwani zamani sana, lakini yeye amezaliwa hapa na Kijaluo chake cha utani kinanishinda hata mimi. Alipoiona ile mashine alifunga duka mapema. Tangu hapo, Jumapili nikitoka misa, tulikuwa tunatoka pamoja: mimi na mashine, yeye na jembe fupi. Tulifukua vifuniko vya soda, misumari na betri zilizooza. Watu walitucheka, nasi tukajicheka.

Siku moja, kwenye uwanja uliokuwa soko wakati wa wakoloni, tulipata senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka. Wazee wetu waliiita otonglo. Nilidhani atashangilia. Aliifuta kwa shati lake, akaitazama muda mrefu.

"Babu yangu alikuwa anauza chumvi kwa hizi," akasema. "Huko Lambwe. Na hakuna anayejua amelala wapi."

Hapo ndipo aliponieleza. Babu yake mzaa mama alikuwa na kiduka cha mabati katika bonde la Lambwe, kwenye njia ya watu waliokuwa wakiteremka kwenda ziwani, Homa Bay. Ugonjwa wa malale ulimwua huko huko, akazikwa nyuma ya duka. Kisha mbung'o wakazidi, watu wakalihama bonde, na familia yake ikahama nao. Msitu ukameza kila kitu. Mama yake, ambaye wakati huo alikuwa msichana mdogo, sasa ni bibi asiyetembea bila mkongojo, na alikuwa na ombi moja tu kwa wanawe: yeye mwenyewe amsomee baba yake dua akiwa amesimama pale alipozikwa.

"Ndugu zangu wanamwambia dua hufika popote," rafiki yangu alisema. "Ni kweli. Lakini yeye anataka pale."

"Na utapajuaje? Bonde lote lile?"

Alininyooshea ile senti. "Dukani senti huanguka. Mtu ananunua chumvi, moja inamponyoka, inapotelea mchangani. Tukipata mahali zimelala nyingi, basi tumesimama dukani."

Nilimtazama nikaona hatanii. Jumapili iliyofuata tukaenda Lambwe.

Sitasema kwamba ilikuwa rahisi. Mama yake alikumbuka kijito nyuma ya duka, na kwamba ukisimama mlangoni uliviona vilima vya Gwasi mbele yako. Vijito ni vingi, na vilima vya Gwasi vinaonekana karibu kila mahali. Tulipita shamba baada ya shamba tukiomba ruhusa. Jua lilituchoma, upupu ukatuwasha, goti langu likavimba. Tulifukua vipande vya plau na makopo. Kuna jioni nilikaa chini nikamwambia kwamba mimi nimechoka.

"Basi baki nyumbani," akasema, bila hasira. "Mimi nitabeba mashine."

"Hujui hata kuiwasha."

"Nifundishe sasa hivi."

Nilimfundisha, na Jumapili iliyofuata nikaenda naye hata hivyo.

Mahali penyewe palikuwa kando ya shamba la mahindi. Tulikuwa tukipita tu njiani, mashine ikalia. Otonglo. Hatua chache mbele, nyingine. Rafiki yangu aligeuka: kijito kiko chini, Gwasi iko mbele. Tulikuwa bado tumechuchumaa pale mwenye shamba alipotokea katikati ya mahindi, mwanamke mtu mzima, jembe begani.

"Nyinyi ni watu wa dhahabu."

"Hapana, mama," rafiki yangu akajibu. "Tunatafuta kaburi la babu yangu."

Nilijua amekosea kabla hajamaliza. Kwetu kaburi ni kama cheti cha shamba. Aliye na kaburi ana la kusema juu ya ardhi.

"Kaburi? Kwenye shamba langu?" Alilishusha jembe. "Leo ni kaburi, kesho ni wakili. Mume wangu alifyeka hapa msitu kwa mikono yake, na sasa mimi ni mjane, mnaona nimebaki peke yangu. Nendeni. Tena mniondolee kelele zenu."

Tuliondoka. Rafiki yangu alitangulia mpaka tukafika Homa Bay. Pale akasema, "Ana haki ya kuogopa. Lakini sirudi nyuma. Nitamletea mwenye baba."

Akamleta mama yake kweli, wiki iliyofuata, kwa gari la kukodi. Mwenye shamba alitoka akiwa na maneno tayari, lakini alipomwona bibi yule akishuka kwa taabu alikimbia kuchukua kiti. Wazee hawapokelewi wima. Bibi aliketi, akamsalimia kwa Kijaluo safi, akamwuliza ameolewa katika ukoo gani na mama mkwe wake alikuwa nani. Alipotajiwa, aliweka mkono kifuani.

"Alikuwa analeta samli dukani kwetu," akasema. "Alikuwa na mwanya hapa mbele, na akicheka anafunika mdomo."

Mwenye shamba alichuchumaa mbele yake. Kisha akasema polepole, "Alifunika mdomo mpaka siku anakufa."

"Mwanangu, sitaki ardhi. Niko na mguu mmoja kaburini mimi mwenyewe, ardhi ni ya nini? Nataka mahali pa kusimama tu."

Waliongea mpaka chai ikapoa. Mwenye shamba aliita mzee wa kijiji, na bibi akarudia mbele yake kwamba hadai chochote, wala wanawe. Masharti yakawa haya: mahindi yavunwe kwanza, na kila shimo lifukiwe. Jumamosi asituone, kwa kuwa ni Sabato yake.

Mahindi yalipokauka hatukungoja kuitwa. Tulikwenda tukavuna naye. Rafiki yangu, aliyezoea kupima misumari, alichubuka viganja vyote, lakini kila nilipomwambia apumzike alikwenda mstari mwingine.

Shamba lilipokuwa wazi, mashine haikuwa na pa kuikwepa kweli. Senti zilianza kutoka moja moja, kisha zikawa zinatoka kwenye eneo dogo kama kitanda, zimelala chini ya vipande vya mabati vilivyoliwa na kutu. Tukapata kufuli. Tukapata jiwe la mizani. Rafiki yangu alilishika, akalifuta udongo kwa shati lake.

Mama yake alikuwa ametuambia kwamba, kwa kukosa jiwe la kaburi, walichomeka upande wa kichwa kile chuma cha kufungia mlango wa duka. Kwa hiyo tulipaacha pale palipokuwa kaunta tukaelekea kijitoni, nikipeleka sahani ya mashine polepole kama mtu anayepiga pasi. Ililia kwa sauti nzito, ndefu. Tuliweka jembe kando tukachimba kwa vidole mpaka ncha ya chuma ikaonekana, imesimama wima. Kutoka hapo mawe yalikuwa yamepangwa kwenda magharibi, kwa urefu wa mtu.

"Acha," rafiki yangu akasema. "Imetosha."

Tukarudisha udongo kiganja kwa kiganja, mawe tukayaacha yaonekane. Alilia, nami nikatazama Gwasi ili alie kwa amani.

Bibi alikuja Ijumaa. Alitawadha kwa maji ya jerikeni, akakataa kushikwa mkono, akasimama akiegemea mkongojo wake mbele ya mawe yale, akasoma dua mpaka mwisho. Mwenye shamba alisimama nyuma yake, leso imefungwa kiunoni, kichwa kimeinama. Senti tulimwachia yeye, kwa sababu shamba ni lake. Kufuli na jiwe la mizani alimpa bibi bila kuombwa.

Msimu wa kulima ulipofika nilipita Lambwe kikazi, nikamkuta mwenye shamba na mtu wa plau ya ng'ombe. Yule mtu alikuwa analalamika kwamba mawe yale yanamharibia mstari, ni afadhali yaondolewe.

"Zunguka," mwenye shamba akamwambia.

"Mama, ni sehemu kubwa hii unaipoteza."

"Nimesema zunguka. Hapo kuna mtu."

Akawageuza ng'ombe, akazunguka.