Mpishi wa Mkate wa Vitunguu Asiyeuonja

Dada wa Mombasa tuliyefanya naye kazi katika jiko la hoteli moja Dubai Marina ametutoka. Habari niliipata kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya duka, mtaa wa Al Rigga. Nikalipa, nikachukua chenji, nikaenda zangu. Sikulia, na mpaka leo, wasomaji wangu, sijalia. Nimebaki na ganzi tu, na bado ninawaza habari za vitunguu.

Kila msimu wa wageni wa Kijerumani tulioka zwiebelkuchen, mkate wao wa vitunguu. Ni unga wa hamira uliotandazwa kwenye sinia, juu yake vitunguu vilivyokaangwa polepole, mayai, malai, kisibiti na vipande vya nyama ya nguruwe. Hukatwa mraba mraba, ukaliwa ungali wa moto, pamoja na divai changa ambayo bado inachacha. Dada alikuwa Mwislamu wa swala tano. Aliupika kwa glavu, lakini kuonja, hata kidogo. Mpishi mkuu akamwambia asiyeonja hawezi kusimama jikoni, bora ahamie kuosha vyombo. Dada akaninyooshea kidole mimi, Mkristo kutoka Moshi: “Sir, mimi napika, huyu ataonja.”

Nikaonja. Kwa adabu zetu za kutomvunja mtu moyo, nikasema mtamu sana. Akanitazama kwa hasira. “Wallahi, kaka, usinipambe! Hapa sina ulimi ila wako. Mkate umekosa nini?” Nikakiri kwamba chumvi ilikuwa haba na vitunguu vilitaka moto zaidi. Akarekebisha masinia yaliyobaki. Mpishi mkuu akakata kipande, akatafuna bila haraka, akasema, “Khalas, imetosha. Yalla, peleka.” Dada hakuhamishwa. Tangu siku hiyo nilimwonjea misimu yote tuliyokuwa pamoja, na sikumbuki hata siku moja aliponiuliza kama ni mtamu.

Wengi wetu huku tunaishi hivyo. Tunatandika vitanda tusivyolalia na kulinda milango ya nyumba tusizokaribishwa. Zamani nilidhani huo ndio uchungu wa ughaibuni. Sasa naona uchungu zaidi ni kufanya kazi miaka na miaka katikati ya watu wanaokuambia “iko sawa, inshallah” kwa kuwa hawataki maudhi. Dada alikataa kuhurumiwa namna hiyo.

Kundi letu la simu sasa limejaa sifa zake: alikuwa mcheshi, mkarimu, mtu wa watu. Zote kweli, nami nimeandika ya kwangu. Lakini sifa hizi hana la kuzifanyia tena. Mwenzako umwambie kasoro sinia likiwa bado mikononi mwake.